Kibali cha mbio kisomwe kuanzia mkiani: barua ya wazi kwa Shirikisho la Riadha Tanzania

Ndugu viongozi,

YAH: MKIMBIAJI WA MWISHO NA WATU WANAOMSUBIRI BARABARANI



Mimi si mwanariadha wa kuitwa mwanariadha. Kilomita 21 ninazimaliza kwa muda ambao mwanamarathoni Alphonce Simbu angekimbia 42 na kubaki na dakika za kuoga. Mbio nyingine nakimbia, nyingine najitolea kwenye meza ya maji, na kwa hiyo barabara hii naijua nikiwa na namba kifuani na naijua pia nikiwa na chupa mkononi. Nawaandikia ninyi kwa sababu kibali cha mbio ni chenu. Nionavyo mimi, mbio zetu hupangwa kuanzia mbele: zawadi ya mshindi, jina la mgeni rasmi, nembo za wadhamini kwenye fulana. Ombi langu ni kwamba mwandaaji akileta maombi mezani kwenu, muyasome kuanzia mkiani.

Mbio zimeongezeka, na hilo ni jambo la kufurahia. Wakati Kilimanjaro Marathon ilipoanza Moshi mwaka 2003, mtu aliyekimbia barabarani bila kufukuzwa na mbwa alitazamwa kwa mashaka. Leo kuna mbio Dodoma, Mwanza, Mbeya, Karatu, Bagamoyo na Zanzibar, na Dar es Salaam unaweza kukuta mbili asubuhi moja. Nyingi ni za hisani: za matibabu ya watoto, za madawati, za taulo za kike. Wanaojaa humo si akina Simbu. Ni makarani, walimu, mama wa vikundi vya jogingi, wastaafu walioambiwa na daktari wapunguze sukari. Hao ndio wanaolipa viingilio, na wengi wao wako nyuma.

Sasa twendeni huko nyuma. Ni saa 3 asubuhi juu ya Daraja la Tanzanite, Dar es Salaam, pasipo na mti wala kivuli, jua limeshapanda na bahari inalirudisha usoni. Mbele wameshapeana medali. Meza ya maji ya mwisho ina katoni tupu na kijana mmoja anayekusanya chupa. Koni zimeondolewa, daladala zimerudi njiani, bodaboda zinapita katikati ya wakimbiaji zikipiga honi. Mama mmoja anatembea kilomita ya 18 huku akiuliza kama njia ni hii. Akifika mwisho, tao limeshatolewa upepo na mshereheshaji anaita washindi wa bahati nasibu. Kiingilio alicholipa ni kilekile alicholipa aliyemaliza wa kwanza. Haya nimeyaona katika mbio zaidi ya moja, na sizitaji, maana kosa si la mwandaaji mmoja.

Halafu kuna mgeni rasmi. Mbio zimetangazwa kuanza saa 12 kamili, watu wameamka saa 9, wamepasha misuli moto mara tatu, na mgeni rasmi yuko njiani. Inafika saa 12 na nusu, saa 1 kasoro, ndipo anakuja, anasalimia, anapuliza honi. Aliye mbele anapoteza nusu saa ya usingizi tu. Aliye nyuma ameongezewa nusu saa ya jua la Dar es Salaam mwishoni mwa mbio, pale mwili wake umechoka zaidi. Mwaka 2021 waandaaji wa Olimpiki walikuwa tayari wamehamisha marathoni kutoka Tokyo kwenda Sapporo kwa kuogopa joto, na bado usiku wa kuamkia mbio za wanawake wakasogeza mwanzo saa moja mapema zaidi. Wenzetu wanakimbizana na jua kwa ajili ya mabingwa wa dunia. Sisi tunalisubiri pamoja na msafara wa mheshimiwa. Kwa heshima zote, mgeni rasmi anaweza kuvalisha medali. Honi ipulizwe na yeyote aliyewahi.

Kuhusu meza ya maji nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipojifunza kwamba kujitolea ni kazi yenye ufundi. Watu hudhani ni kushika chupa na kutabasamu. Mkono unyooshwe pembeni, kiganja kiwe wazi, na mara mkimbiaji anapogusa chupa mwachie, usimvutie. Kifuniko kilegezwe mapema, mbele ya macho yake kama inawezekana, kwani mwenye vidole vya jasho hawezi kukifungua akiwa mwendoni. Meza ziwe nyingi, zipangwe kwa mstari mrefu upande mmoja. Ikiwa ni moja, wote watairukia na mtu ataanguka. Mmoja wa wanaojitolea asimame mbele kabisa na kupaza sauti, "Maji yapo mbele, msisukumane!" Na muhimu kuliko yote: hesabu ya katoni. Wa mbele hunywa mafunda mawili na kutupa chupa. Wa nyuma hunywa chupa nzima, hujimwagia nyingine kichwani, na huomba ya tatu ya kwenda nayo. Mwandaaji anayegawa maji kwa kuhesabu kichwa kimoja chupa moja ameshawanyima wa mwisho kabla mbio hazijaanza. Kanuni za kimataifa zinataka vituo vya maji kila takribani kilomita 5 katika mbio za barabarani. Hazisemi kwamba vituo hivyo ni vya nusu ya kwanza ya wakimbiaji.

Na kijana yule aliyebaki na katoni tupu, mnajua alitokaje nyumbani? Aliambiwa afike saa 10 alfajiri. Daladala hazijaanza. Kama ni msichana wa chuo anayekaa hosteli, ametoka saa 9 usiku kwa bodaboda asiyemjua, kwa nauli yake mwenyewe, kwenda kusimama kwenye kona ambayo hajawahi kuiona. Hakuelekezwa chochote zaidi ya "simama hapa". Chai ataipata saa 5, ikibaki. Kuna mbio ambazo nyuma ya jukwaa lake pana nembo za makampuni zisizohesabika, na mtu aliyezuia gari lisimgonge mkimbiaji hajanunuliwa andazi. Mimi sidai posho. Naamini posho ikiingia, wanaojitolea kwa moyo watakimbia na watabaki wanaohesabu bahasha. Nauli ya kwenda na kurudi, chai kabla ya kazi, na orodha yenye jina la kila mmoja na kona aliyopangiwa si posho. Ni adabu ya mwenye shughuli kwa anayemsaidia.

Mafunzo nayo hayahitaji semina ya siku tatu hotelini. Saa mbili Jumamosi zinatosha, na nusu yake itumike kwa jambo moja: joto. Mkimbiaji anayeyumba, anayejibu maswali ovyo, anayekuwa mkali bila sababu au anayetaka kukimbia kurudi alikotoka, huyo si mlevi wala hajaishiwa nguvu tu. Mwili wake huenda umevuka nyuzijoto 40, na kila dakika ina thamani. Apozwe palepale, kwa maji baridi mengi na barafu, azamishwe kama kuna beseni kubwa, ndipo apelekwe hospitali. Kumfunga kwenye gari la wagonjwa lenye joto ili awahishwe mjini ni kumpotezea dakika alizo nazo. Wa Msalaba Mwekundu wanalijua hili. Binti wa kwenye kona ndiye atakayemwona kwanza, na yeye hajaambiwa.

Nini kifanyike? Mwandaaji asipate kibali mpaka aandike saa ambayo meza ya mwisho itafungwa, saa ambayo barabara itafunguliwa, na gari litakalowabeba waliopitwa na muda. Saa hizo zichapishwe kwenye tangazo lilelile lenye zawadi za washindi. Najua waandaaji watasema polisi wanataka barabara mapema, na polisi wana haki. Jiji haliwezi kufungwa mpaka adhuhuri kwa ajili yangu. Basi kama ni saa 3 semeni saa 3, nijue kabla sijalipa, nijiandikishe kilomita 10. Kinachouma ni kukuta barabara imefunguliwa kimyakimya. Pia mwandaaji alete orodha ya wanaojitolea na mpango wa kuwafikisha na kuwarudisha. Na afisa wenu anayekwenda kusimamia mbio asikae jukwaani. Apande gari la mwisho kabisa, nyuma ya mtu wa mwisho, aandike anachokiona huko, na taarifa hiyo iwe ndiyo kigezo cha kibali cha mwaka unaofuata.

Ila msiwabebeshe mzigo huu wadogo. Parokia au msikiti unaoandaa kilomita 5 kijijini ili kuezeka darasa usidaiwe makaratasi sawa na benki. Wao mara nyingi wanatushinda kwa hili. Njia ni fupi, wanafahamiana, na hakuna anayekunja meza wakati mama fulani bado yuko njiani.

Tunajivunia, kwa haki kabisa, dhahabu ya Simbu ya Septemba 2025 Tokyo, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, aliyoipata kwa tofauti ya sekunde 0.03. Lakini jina letu katika marathoni lilijulikana pia kupitia mtu aliyemaliza wa mwisho. Mwaka 1968 Mexico, John Stephen Akhwari aliingia uwanjani na goti lililofungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Tunasimulia ushujaa wake, na tunasahau kwamba alikuta mstari bado upo na watu wa kumwona akiuvuka. Mzee Akhwari angekimbia leo katika baadhi ya mbio zetu, angekuta wanapakia viti.

Mkihitaji mtu wa kupanda gari la mwisho kwa majaribio, Jumapili nyingi nipo. Nitakuja na chai yangu kwenye chupa.

Wasalaam,

Mkimbiaji na mgawa maji,
Dar es Salaam

Nakala: Baraza la Michezo la Taifa, Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, waandaaji wote wa mbio za barabarani.