Kabla ya kumpeleka mtoto kusaka kasha, soma namba ya pili

Jumamosi asubuhi mtoto wa miaka saba anashika simu ya baba yake. Kwenye kioo kuna mshale, na mshale unasema kuna kasha limefichwa mita 240 mbele. Ndani yake kuna kidaftari cha kuandika jina, na huenda kuna vitu vidogo vya kubadilishana. Mtoto anataka waende sasa hivi. Baba naye akitazama anaona ni karibu tu, anavaa ndala na kutoka.

Kitu ambacho baba huyo hajakisoma ni namba mbili ndogo chini ya jina la kasha. Namba hizo ndizo zingemwambia kama safari hiyo ni ya ndala au ya viatu vigumu, ya mtoto wa miaka saba au ya mtu mzima aliyezoea milima.

Mchezo huu unaitwa jiokashingi. Ulianza Mei 2000, mara tu baada ya serikali ya Marekani kuacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Mmarekani Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, kisha akatangaza kwenye intaneti vipimo vya mahali ilipo ili watu waitafute. Leo makasha yamezidi milioni tatu katika nchi zaidi ya 190. Tanzania na Kenya yapo pia. Skauti wa Marekani wana beji ya mchezo huu tangu 2010.

Kwa afya ya mtoto ni mchezo wenye faida. Unamtoa kwenye kochi, unamfanya atembee bila kulalamika, unamfundisha kusoma ramani na kuvumilia kitu kisichopatikana haraka. Ila mzazi akumbuke jambo moja: kila kasha limefichwa na mtu asiyeijua familia yako.

Namba mbili, maswali mawili

Kwenye tovuti ya Geocaching.com, kila kasha hupewa alama mbili, kuanzia 1 hadi 5, zikipanda kwa nusu nusu. Namba ya kwanza ni ya utafutaji: ukishafika, utahangaika kiasi gani kuliona? Alama 1 ni dakika chache. Alama 2 ni kama nusu saa. Alama 3 inaweza kula sehemu kubwa ya mchana. Kuanzia 4 kunahitajika maandalizi au ujuzi maalumu.

Namba ya pili ni ya njia: mwili utafanya kazi gani hadi kufika? Hapa ndipo mzazi anapaswa kutazama kwanza. Kwa maelezo yaliyozoeleka katika mchezo huu, alama 1 ni njia ambayo mtu wa kiti mwendo anaweza kupita, tambarare na fupi, chini ya mita 800. Alama 2 inawafaa watoto wadogo: njia inayoonekana, bila mwinuko mkali wala vichaka vizito, na mwendo usiozidi kilomita 3.2. Alama 3 haiwafai watoto wadogo. Alama 4 ni ya waliozoea safari za porini, ambako huenda mikono ikahitajika kupanda. Alama 5 inahitaji vifaa, kama boti, kamba za kupandia miamba au mitungi ya kuzamia.

Wazazi huchanganya namba hizi. Kasha lenye utafutaji 1 huonekana rahisi, kumbe njia yake ni 4: likiwa mbele yako utaliona mara moja, lakini liko ukingoni mwa genge. Kasha lenye utafutaji 4 na njia 1 linaweza kuwa kwenye bustani ya mjini. Watoto watachoka kutafuta, watanuna kidogo, lakini hakuna atakayeanguka.

Nani aliyetoa alama?

Alama hutolewa na aliyelificha kasha. Wapo wakaguzi wa kujitolea wanaopitia taarifa zake kabla halijatangazwa, lakini kwa kawaida hawaendi kulikagua kwa miguu. Kwa hiyo namba ya njia ni kauli ya mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kuwa kijana mrefu wa miaka 25 anayekimbia kila asubuhi. Kwake mteremko ule si kitu. Tawi ambalo kasha limening'inizwa ni "juu kidogo tu".

Wengine hukosea kwa kupandisha. Alama hizo mbili zinaweza kukaa pamoja kwa namna 81, na wapo wachezaji wanaozikusanya zote kama mtu anavyokusanya stempu. Kasha lenye alama adimu hupata wageni wengi, hivyo mtu hushawishika kuliita la 5 wakati ni la 2. Hilo haliumizi mguu wa mtu, lakini linazifanya namba zisiaminike, na namba isiyoaminika haimlindi yeyote.

Uonevu mkubwa zaidi uko kwenye alama 1. Mfikirie mama mwenye binti anayetumia kiti mwendo. Kati ya makasha yote ya mji, machache tu yana namba hiyo. Wamejipanga, wamepanda gari, wamefika. Wanakuta ngazi tatu. Au njia ni nzuri ya sakafu, lakini kasha limewekwa juu, mahali ambapo mtu aliyekaa hafikii. Mama anaweza kulishusha mwenyewe, lakini binti ndiye aliyeahidiwa, na ahadi hiyo ilikuwa kwenye namba. Aliyeandika 1 bila kufikiria hakujua kwamba kuna mtoto ambaye namba hiyo kwake ndiyo mlango wenyewe.

Namba haijui mvua

Hata alama ya haki ina mipaka. Hupimwa siku moja, mara nyingi siku ya hali nzuri ya hewa. Juni 2018 jijini Prague, katika Jamhuri ya Czech, wasaka makasha walikuwa ndani ya mfereji wa chini ya ardhi mvua kubwa iliponyesha. Maji yaliwasomba, na watu wawili walifariki. Mzazi anayeishi kwenye mji wenye mabonde na makaravati anaelewa bila kuelezwa. Mtoto haingii kwenye mtaro wala chini ya daraja, hata kama jua linawaka, kwa sababu mvua inaweza kuwa inanyesha huko juu maji yanakotoka.

Vilevile alama ya 2 iliyotolewa kwenye msitu wa baridi wa Oregon haina maana ileile saa saba mchana Dar es Salaam. Kilomita tatu kwenye jua hilo si matembezi ya mtoto wa miaka mitano. Anza mapema asubuhi, beba maji ya kila mtoto, mvalishe kofia, na geuzeni kabla maji hayajafika nusu.

Mshale nao una udhaifu wake. Unaonyesha mstari ulionyooka. Haujui kama katikati kuna barabara kuu, mto au ukuta wa mtu. Simu inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na chini ya miti mikubwa au kati ya maghorofa hukosea zaidi. Weka utaratibu wa nyumbani: mtoto akishika simu, mtu mzima anamshika mkono, mkibakiza kama mita 10, simu inaingia mfukoni na macho ndiyo yanatafuta.

Mikono, miguu na ngozi

Makasha mengi hufichwa kwenye mashimo ya miti, chini ya mawe na nyuma ya magogo. Huko ndiko nyoka, nge na nyigu nao hupenda kukaa. Mtoto asiingize mkono mahali asipopaona. Fimbo itangulie, mkono wa mtu mzima ufuate. Akiumwa na nyoka, atulizwe asitembee, mvue pete au bangili kabla hajavimba, kisha apelekwe hospitali haraka. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana.

Kasha la chuma likipata kutu linaweza kumkata mtoto. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, na hakikisha chanjo yake ya pepopunda imekamilika. Kwa familia zilizoko Ulaya au kaskazini mwa Marekani, kupe ni suala zito kwa sababu baadhi yao hueneza ugonjwa wa Lyme. Mkirudi, mkague mtoto nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na kwenye nywele. Kupe huvutwa kwa kibano, kishikwe karibu kabisa na ngozi na kuvutwa taratibu moja kwa moja. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta ya taa.

Na kuna watu wengine. Julai 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, kasha lililodhaniwa kuwa bomu lililipuliwa na wataalamu wa jeshi. Mtu anayezungukazunguka na kuchungulia chini ya benchi huzua maswali. Msisake karibu na kambi, kituo cha polisi, reli au ofisi nyeti. Mtu akiwauliza, mwelezeni wazi mnafanya nini.

Kabla ya kutoka, na baada ya kurudi

Soma maoni ya waliotangulia, hasa ya miezi ya karibuni. Kama watatu wa mwisho wameandika kwamba hawakulipata, huenda halipo tena. Kama mmoja ameandika "tuliteleza sana", mwamini kuliko namba. Tazama alama ndogo za tahadhari kwenye ukurasa, fungua picha ya satelaiti uone kilichopo katikati, na njia ikizidi 2 nenda mwenyewe kwanza bila watoto.

Mkirudi, andikeni ukweli. Sentensi moja tu, "njia imebomoka baada ya mvua, si ya watoto wadogo", inaweza kuokoa mguu wa mtoto wa familia nyingine wiki ijayo.

Na siku watoto watakapotaka kuficha kasha lao, kazi ya alama ifanyike pamoja. Ombeni ruhusa ya mwenye eneo. Msichimbe ardhi, msiweke chakula, dawa wala kitu chenye makali, na kaeni angalau mita 161 kutoka kasha jingine. Kisha mtembee njia yote na mdogo kuliko wote. Alama ya njia ifuate sehemu ngumu kuliko zote, hata kama ni hatua kumi za mwisho tu. Njia ya kilomita moja ya lami inayoishia kwenye mteremko wa mawe si ya 1. Kabla ya kuandika 1, mwulizeni mtoto: mwenzako aliye kwenye kiti mwendo atalifikia kwa mkono wake?

Jambo la mwisho ni kumfundisha mtoto kugeuza. Mchezo wenyewe una nafasi ya kuandika "sijalipata", na wachezaji wazoefu huiandika mara nyingi bila aibu. Mzazi anayesema "hapa tumefika, turudi" mbele ya mwanawe hajamharibia siku yake. Kasha litaendelea kuwa palepale, na Jumamosi nyingine itakuja.