Udongo si Umaskini

Mwacha mila ni mtumwa, husema wahenga. Hata hivyo, katika suala la ujenzi methali hii haina budi kupimwa, kwa kuwa si kila mila ya waashi wetu iliihurumia ardhi.

Likizo iliyopita tulikaa kikao nyumbani, Kakamega, kujadili nyumba ya mama. Kaka yangu alitaka matofali ya kuchoma. Mimi nikapendekeza matofali ya udongo unaochanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine, kisha yakawekwa kivulini na kunyunyiziwa maji kwa majuma kadhaa. Hayahitaji tanuri. Mama akanijibu: "Mwanangu, watu watasema nimejengewa nyumba ya udongo."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Tofali la kuchoma nalo ni udongo. Kilichoongezwa ni kuni zilizoteketea. Saruji nayo huokwa katika joto la nyuzi 1450 hivi, na jiwe la chokaa lenyewe hutoa gesi ya kaboni linapochomwa. Utengenezaji wake huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya gesi hiyo itokanayo na shughuli za binadamu duniani. Wala tusiyakimbilie ya kale kwa pupa: chokaa ya majumba ya Lamu ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwa kuni. Basi swali si ukale wala usasa. Tuulize kifaa kimetoka wapi, kimechomwa kwa nini na kitadumu kwa muda gani.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Wakataji mikoko wa Lamu waliipanga miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila kazi ilikuwa na mti wake. Sisi leo tuna mafungu mawili tu: "nyumba ya kudumu" na "nyumba ya udongo", kana kwamba udongo haudumu. Ilhali ukuta wa udongo wenye msingi wa mawe na upenu mpana huweza kuhimili mvua kwa miaka mingi.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, hatufyatui matofali, lakini tunafyatua istilahi. Tulipe tofali hili jina lenye heshima, nasi tulitumie madarasani na vijijini. Mama yangu bado hajakubali. Nadhani hakatai tofali. Anakataa jina lake.