Masalia ya Vita vya Kahe Yalindwe Kabla Hayajaisha

Mhariri,

Uwanda wa Kahe, kusini mashariki mwa mji wa Moshi, ulipiganiwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Usiku wa 11 Machi 1916 majeshi ya Uingereza, chini ya Jenerali Jan Smuts, yalivishambulia vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, na siku chache baadaye yakaingia Moshi. Jeshi la Wajerumani likiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma hadi Kahe, likapigana tarehe 21 Machi, kisha likavuka mto Ruvu usiku na kushika njia ya kusini. Liliacha nyuma mzinga wa milimita 105 ulioharibiwa, mmoja wa ile iliyoopolewa kutoka meli ya Königsberg baada ya meli hiyo kuangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915.

Mapigano ya namna hiyo huacha ardhini maganda ya risasi, vipande vya makombora, vifungo vya sare, makopo ya chakula na vyombo vya wapagazi. Hivi ndivyo vinavyosakwa na watu wanaopita mashambani na mashine za kutambua metali. Mashine hiyo hupeleka nguvu ya sumaku ardhini na kulia inapokuta metali. Kwa kitu kidogo kama risasi haifiki mbali sana chini, na udongo wa volkano wenye madini ya chuma, kama ule wa miteremko ya Kilimanjaro, huweza kuichanganya. Msakaji huishia kuchimba mashimo mengi na kuyaacha wazi.

Wapo wanaotafuta kumbukumbu za kuuza, wapo wanaotafuta vyuma chakavu, na wapo wanaoamini kuna mali ya Mjerumani iliyofukiwa. Imani hiyo ya mwisho haina msingi mkubwa hapa. Sarafu maarufu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, ilitengenezwa Tabora mwaka 1916, wakati Moshi ilikuwa imekwisha kutekwa. Askari waliokimbia Kahe hawakuwa nayo mifukoni.

Hasara kubwa iko katika habari inayopotea. Askari wengi wa Kijerumani walibeba bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye risasi nene za milimita 11 na baruti iliyotoa moshi mwingi. Upande wa Uingereza ulitumia zaidi bunduki za Lee-Enfield, zenye risasi za milimita 7.7. Ganda moja likiachwa lilipoangukia linaonyesha nani alisimama wapi. Likishatiwa mfukoni, linabaki kipande cha shaba tu. Huko Little Bighorn, Marekani, wanaakiolojia walitumia mashine hizi hizi mwaka 1984, wakisaidiwa na watu wa kujitolea. Kila kilichopatikana kilipimwa na kuwekwa kwenye ramani kabla ya kuondolewa, na mwenendo wa vita vya mwaka 1876 ukaeleweka upya. Kosa basi haliko kwenye mashine.

Kwa Kilimanjaro jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu maofisa waliandika kumbukumbu zao, ilhali wapagazi hawakuandika. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo kwa maradhi, njaa na uchovu, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Mabaki ya kambi zao ni sehemu kubwa ya ushahidi waliouacha.

Liko pia suala la usalama. Mashine haitofautishi ganda tupu na kombora ambalo halijalipuka. Mnamo Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, guruneti lililookotwa kama chuma chakavu lililipuka na kuua wanafunzi watano. Silaha ile haikuwa ya vita vya 1914, lakini tamaa ya kuuza chuma ni ile ile. Tena, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kukaa na risasi bila kibali.

Pengo lenyewe liko katika Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo inayahesabu kuwa masalia yale yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo ganda la Kahe, lenye umri unaozidi miaka 100, halilindwi kwa umri wake. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inampa Waziri mwenye dhamana uwezo wa kutangaza mahali au kitu chenye umuhimu wa kihistoria kuwa chini ya ulinzi, hata kama ni cha baada ya mwaka huo.

Hatua zinazohitajika ni chache. Wizara ya Maliasili na Utalii itangaze uwanja wa Kahe, pamoja na Longido palipopiganwa tarehe 3 Novemba 1914, kuwa maeneo ya kihistoria. Serikali za vijiji zielekezwe kutomruhusu mtu kuchimba bila leseni ya Idara ya Mambo ya Kale. Wakulima wanaokuta vitu wakati wa kulima wapewe mahali pa kuvipeleka bila kuogopa kukamatwa, na wakikuta kombora wasiliguse, bali waite polisi. Vinavyokusanywa vipate chumba cha maonyesho hapa Moshi, ili watalii wanaokuja kupanda mlima na wanafunzi wa mkoa huu wavione.

Mamlaka ya kutangaza yamo katika sheria tangu mwaka 1964. Kilichobaki ni kuyatumia wakati bado kuna kitu cha kulinda.

Msomaji,
Moshi