Ndege ya Mbao Haichafuki Ovyo

Ikiwa kijana wako amechonga ndege ya mbao likizo hii, akaipaka rangi ikang'aa kama sahani mpya, usikimbilie kumsaidia kuizeesha. Nayasema haya kwa aibu. Mimi nilimsaidia wangu, na kazi yake ya majuma matatu nikaiharibu kwa nusu saa.

Alikuwa akimchongea babu yake kule Makueni, mzee ambaye kila ndege ikipita juu ya boma lake husimama uani na kuitazama mpaka ipotee. Mbao zilikuwa za mukau, kutoka shamba la mzee mwenyewe. Wasomaji wa Kitui na Kibwezi hawahitaji kuelezwa mti huo: mchwa hauwezi, na mbao zake hukaribia mahogani kwa sura. Ndege aliyoichagua ni Cessna Caravan, hii yenye rafadha moja puani na mabawa juu ya mwili, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982 na ambayo hadi leo hutua kwenye viwanja vya vumbi kote nchini. Ile ndefu ina mabawa ya karibu mita 16 na mwili usiofika mita 13. Kijana aligawa kwa 50, akapata mabawa ya sentimita 32 na mwili wa sentimita 25. Hesabu yake haikuwa na kasoro.

Kasoro ilikuwa yangu. Nilimwambia kwamba ndege ya kazi haiwi safi hivyo, na hapo nilisema kweli. Kisha nikachukua masizi ya sufuria, nikayapaka pande zote mbili za pua, nikanyunyizia matone ya rangi ya fedha ili yaonekane kama rangi imebanduka. Kijana akatazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, hii ilianguka?" Akaiweka chini ya kitanda. Zilibaki siku nne twende Makueni.

Usiku ule nilitafuta picha za Caravan halisi, nikaona ujinga wangu. Injini yake ina bomba moja tu la moshi, nalo liko upande wa kulia chini ya pua. Kwa hivyo masizi huchafua upande wa kulia, yakielekea nyuma kwa kufuata upepo. Kushoto hubaki safi! Na yale matone yangu? Tone lenye ukubwa wa punje ya mchele ni milimita 6. Zidisha kwa 50 na umepata bandu la sentimita 30. Ndege gani hiyo irukayo na mabaka kama ya mbwa?

Asubuhi nilimwomba radhi, tukachukua msasa laini tukaanza upya. Ilibidi kukwangua mpaka kwenye mbao kwa sababu sikuwa nimepaka vanishi kabla ya uchafu. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Rangi ikikauka, paka vanishi kwanza, ngoja ikauke kabisa, ndipo uweke uchafu. Ukikosea utafuta kwa kitambaa chenye maji na rangi ya chini haitaguswa.

Rangi yenyewe ipake mikono miwili au mitatu myembamba badala ya mmoja mzito, ambao hujaza mistari ya milango uliyoichora kwa kisu. Nyeupe ya mkebe usiitumie ilivyo. Tia tone la kijivu, maana kitu kidogo kikiwa cheupe mno huonekana kama mwanasesere. Mgongo wa mabawa, unaopigwa na jua kutwa nzima, uongezee weupe katika ile milia ya rangi ili ionekane imepauka. Tumboni iache iliyokolea. (Wachongaji wa Wamunyu, hapo jirani Machakos, wameijua siku nyingi nguvu ya rangi: mbao nyepesi ikipakwa dawa nyeusi ya viatu, mgeni huondoka akidhani amebeba mpingo.) Thina na rangi za mafuta zitumieni nje, mbali na jiko.

Sasa vumbi. Hapa mtoto wa Ukambani ana bahati kuliko wa Ulaya, ambaye hununua vumbi dukani kwa kichupa. Chota udongo mwekundu, uchekeche kwa kitambaa chepesi, uchanganye na maji na tone la sabuni. Paka magurudumuni, miguuni na tumboni nyuma ya magurudumu, kisha pangusa kuelekea mkiani. Mnaokumbuka basi la Kitui hadi Kibwezi kupitia Mutomo kabla ya lami mnajua vumbi hukaa wapi: hujaa pembeni na kwenye mianya, bali pale mikono inapogusa kila siku hufutika. Masizi ni makaa yaliyosagwa, yakapakwa kwa brashi kavu kutoka kwenye bomba, mazito mwanzoni na hafifu kadiri yanavyokwenda nyuma. Mawe ya kiwanja hukwaruza ncha za rafadha na mguu wa mbele. Hapo gusa rangi ya fedha kwa kipande cha sifongo ulichokikamua karibu kikauke.

Siku ya nne kijana alibakisha mlango wa mizigo, ulio kushoto nyuma. Alitaka alama za mikono ya wapakiaji. Akachovya kidole katika tope, akagusa, na kidole kikafunika mlango mzima. Nikafungua mdomo nisaidie. Akanitazama, nikaufunga. Akafuta kwa kitambaa, akaenda jikoni kutafuta kijiti cha kiberiti.