Ziwa Tanganyika: Kwa nini kufungwa kwa uvuvi kunawahusu watu wa Kasulu na Kibondo

Anayezamia na mtungi wa hewa kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, karibu na Kigoma au huko Mahale, hukuta maji maangavu na samaki wa rangi nyingi, wengi wao wasiopatikana penginepo duniani. Lakini samaki anayeamua bei ya kitoweo sokoni Kasulu na Kibondo ni vigumu kumwona mchana. Dagaa hushinda kilindini, kisha usiku hupanda juu kwa makundi.

Tabia hiyo ndiyo riziki ya mvuvi. Ndiyo pia hatari kwa dagaa.

Kundi huvutwaje?

Dagaa hufuata vijidudu vya majini vinavyopanda usiku. Mvuvi huwasha taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri au umeme wa jua. Kundi likikusanyika chini ya mwanga, wavu unavutwa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti, ndiyo maana wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Nyuma ya dagaa huja migebuka, ambao huwala.

Kwa kuwa dagaa huishi kwa makundi, wavu unaweza kurudi umejaa hata pale ambapo samaki wamepungua ziwani. Neema ya usiku mmoja si kipimo cha afya ya ziwa.

Miezi mitatu bila nyavu

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Hatua hiyo ilitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo.

Hoja ni kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Dagaa huishi takriban mwaka mmoja na hukua haraka, hivyo matokeo yanaweza kuonekana mapema. Lakini yanaweza kupotea mapema vilevile iwapo makokoro na nyavu za matundu madogo zitarudi siku ya kufungua. Tena makundi ya samaki hayajui mpaka. Nchi moja ikifunga na jirani akavua, faida humwagika upande wa pili.

Gharama ya kusubiri huwaangukia wavuvi, kina mama wanaoanika dagaa ufukweni, na wachuuzi wanaowapandisha milimani. Familia ya Kasulu au Kibondo inayotegemea dagaa kuteremshia ugali hubaki na maharage.

Si nyavu peke yake

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliochunguza matope ya zamani kutoka sakafu ya ziwa, ulionyesha kuwa samaki walianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza katikati ya karne ya 20. Sababu inayotajwa ni joto. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na hayachanganyiki vizuri na ya chini, ambako rutuba imelala. Rutuba isipopanda, chakula cha dagaa hupungua.

Kisha kuna udongo. Mvua ikinyesha kwenye vilima vilivyokatwa miti, mito kama Luiche, unaoingia ziwani karibu na Ujiji, hubeba tope hadi kwenye miamba. Tope hufunika mwani ambao samaki wa mawe hula na mianya wanamozalia. Mto Malagarasi nao hupita kwenye ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, ambayo huchuja sehemu ya tope hilo. Mabwawa hayo yakilimwa, kichujio kinaondoka.

Kwa hiyo kufunga ziwa kunaweza kusaidia, lakini hakutoshi. Mvuvi akiambiwa aweke wavu chini miezi mitatu, ana haki ya kuuliza nani analinda kingo za mito huko juu. Swali hilo jibu lake liko Kasulu na Kibondo pia.