Mvinyo na kesi ya kusingiziwa

Kwenye sherehe za Mshangano, kama kwingineko Songea, mvinyo mwekundu siku hizi haukosi meza kuu. Mtu akinywa glasi mbili, kichwa kikaanza kugonga kabla MC hajafika kwenye zawadi, husikika akilalamika: "Waini hii imewekwa dawa." Dawa yenyewe ni salfaiti, kihifadhi kinachotajwa kwenye lebo ya chupa, na mvinyo wa Dodoma ndio hushukiwa kwanza.

Kesi hiyo haina mashiko. Mvinyo mweupe kwa kawaida hutiwa salfaiti nyingi kuliko mwekundu, lakini wengi huulalamikia mwekundu. Salfaiti huwasumbua kweli baadhi ya wenye pumu, ila hao hubanwa kifua.

Maelezo yanayoingia akilini zaidi yalitolewa Novemba 2023 na Andrew Waterhouse na wenzake wa University of California, Davis. Mwili huvunja pombe kwa hatua. Kwanza huigeuza kuwa asetaldehidi, sumu inayopasha uso joto na kuleta kichefuchefu na maumivu ya kichwa. Kisha kimeng'enya huimaliza sumu hiyo. Sasa, kwenye ganda la zabibu nyekundu kuna kemikali iitwayo kwasetini. Ikishamezwa, mwili huibadili umbo, na umbo hilo jipya, kwa mujibu wa majaribio ya maabara, hukizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Sumu ikabaki inazunguka mwilini. Zabibu hutengeneza kwasetini kwa sababu ya jua, na vichala vilivyo wazi juani wakati mwingine huwa nayo mara nne hadi tano zaidi. Lilikuwa jaribio la maabara, si la wanywaji, lakini linatosha kumpunguzia lawama mtengenezaji wa Dodoma. Jua la kule halimwagwi na kiwanda.

Hata hivyo, vichwa vingi vya Mshangano havihitaji kwasetini. Watu wa Ruvuma, Njombe na Iringa wamezoea ulanzi, kinywaji cha mianzi kinachonywewa kwa lita wakati wa masika, na ulanzi kwa kawaida haufiki nusu ya ukali wa mvinyo, ambao una kilevi cha asilimia 12 hadi 14. Mkono uliozoea kikombe cha ulanzi ukishika chupa ya mvinyo, hujaza bilauri ya juisi hadi juu. Kipimo cha kawaida ni mililita 150, na hicho peke yake hulipa ini kazi ya saa moja hadi mbili. Bilauri ya mililita 300 ni vipimo viwili, na mnywaji bado anahesabu "nimekunywa moja tu." Isitoshe, hotuba hutangulia na chakula huja saa nne usiku, tumbo likiwa tupu tangu mchana. Kamati za harusi zingegawa chakula kabla ya kufungua chupa, zingeokoa wengi.

Asubuhi ndipo makosa huongezwa. Kuzimua kunaahirisha tu mning'inio. Panadol juu ya pombe nyingi hulibebesha ini mzigo wa pili, na anayetumia Flagyl hapaswi kugusa pombe kabisa. Supu na maji ni sawa, kwa sababu pombe hukojoza na kukausha mwili.

Mwenye kipandauso ajaribu nusu glasi ya mvinyo mweupe, baada ya kula, maji yakiwa pembeni. Kichwa kikirudi, aache. Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya, kwa hiyo asiyekunywa hana anachokosa. Na kwa kuwa malaria ipo Ruvuma, kichwa kikija na homa au kutetemeka, usikae ukiilaumu chupa ya jana: nenda zahanati ukapime.