Kabla ya kukodi Mustang Dubai
Kukodi Mustang Dubai ni raha, lakini suala la kamera za mwendo si la kulipita mbio, maana hapo ndipo pesa za likizo zinapoteketea. Dubai, kamera huvumilia kilomita 20 juu ya kiwango kilichoandikwa. Ukivuka kuingia Abu Dhabi, uvumilivu huo haupo tangu 2018: kibao kikisema 140, ni 140, na gari la V8 linapita hapo kufumba na kufumbua! Ukizidisha kwa zaidi ya kilomita 60, faini ni dirhamu 2,000 na gari linazuiwa siku 30, ambazo mwenye gari anaweza kukudai kodi yake.

Ndugu zangu, someni mkataba: kilomita mnazoruhusiwa kwa siku, dhamana inayoshikiliwa kwenye kadi, bima inaishia wapi. Leseni ya kimataifa ichukueni nyumbani kabla ya safari. Pigeni picha rimu zote kabla ya kusaini.

Kisha nendeni Jebel Jais, Ras Al Khaimah, asubuhi na mapema. Kona za mlima ule zinalifaa gari hilo kuliko Sheikh Zayed Road na foleni zake.